Usikimbizwe na foleni: mwongozo kamili kwa wakala wa pesa za simu

Mwishoni mwa Januari mmoja, mwezi wa ada, nilituma shilingi 350,000 kwa mtu nisiyemjua. Mteja alikuwa baba wa makamo anayemlipia mwanawe shule. Nyuma yake walisimama watu saba au wanane, mmoja anagonga kioo kwa ufunguo, na kijana wa bodaboda ameacha pikipiki inaunguruma. Namba nilitajiwa sawasawa, mimi nikaibonyeza kombo: mwisho wake ulikuwa 46, nikaweka 64. Jina lilitokea kwenye simu. Nililiona, sikulisoma. Nikaweka namba ya siri.

Kwa kuokoa labda sekunde ishirini nilifunga dirisha mchana kutwa. Wale wanane wakaondoka bila huduma, na yule baba alikaa kwenye benchi langu mpaka alasiri, fomu ya shule ikiwa mkononi. Pesa ilirudi baada ya siku kadhaa, kwa bahati tu, kwa kuwa aliyeipokea hakuwa ameitoa. Lakini uso wa yule baba sijausahau. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayoyafanya tangu siku ile katika kibanda changu Mbagala, Dar es Salaam, na ndiyo ninayomfundisha kila anayekuja kunisaidia.

Tuelewane jambo moja kabla ya kuanza. Kupunguza kasi si kuwa mzito wa kazi. Kwenye kuhesabu noti, kubonyeza menyu na kuandika daftari, mikono yako iende itakavyo. Ila kuna sehemu moja katika kila muamala, kabla ya kuthibitisha, ambapo mikono lazima isimame na macho yafanye kazi. Ukiilinda sehemu hiyo, foleni yako itakwenda haraka kuliko ya jirani anayekimbia.

Jua haraka yako inatoka wapi

Zamani nilidhani wateja ndio wanaonikimbiza. Nilipoanza kuandika nikagundua haraka nyingi nilikuwa najitengenezea mwenyewe kwa kukosa floti, yaani salio la wakala lililo kwenye simu, saa mbaya.

Chukua daftari la kawaida, kwa wiki moja andika kila saa: wangapi wametoa, wangapi wameweka, na wangapi wamegeuka kwa sababu huna floti au huna keshi. Usitafute kuandika vizuri, piga vijiti tu. Kwangu vijiti vilisema hivi: asubuhi kabla ya saa mbili watu wanatoa, nauli na hela ya sokoni. Kuanzia saa kumi na moja jioni makondakta, mama lishe na wenye genge wanaleta mauzo kuweka. Kwako huenda ikawa vingine kabisa, hasa kama upo karibu na kituo cha mabasi, hospitali au mnada.

Kila anayekuja kuweka, keshi yako inapanda na floti inashuka. Anayetoa anafanya kinyume chake. Kwa hiyo mimi asubuhi nahitaji noti na jioni nahitaji floti. Nikisubiri saa kumi na mbili jioni ndipo nikimbilie kwa wakala mkuu, nitarudi jasho linanitoka, watu wamekasirika, na kila muamala nitakaoufanya baada ya hapo nitaufanya nikiwa nahema. Sasa naenda saa tisa alasiri, dirisha likiwa limepoa, hata kama floti bado ipo.

Andika pia tarehe. Kuanzia 25 ya mwezi hadi 5 ya mwezi unaofuata, Januari na Julai shule zinapofunguliwa, na siku mbili tatu kabla ya Idi na Krismasi. Siku hizo usikae peke yako. Mtafute ndugu unayemwamini akae nawe, yeye apokee na kuhesabu, wewe ubonyeze. Wawili wakigawana kazi namna hiyo, kila noti inapita mikono miwili na kila namba inapita macho mawili.

Halafu kuna simu zenyewe. Tangu mwaka 2014, mitandao ilipoanza kuunganishwa, mteja anaweza kutuma pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, lakini sisi dirishani bado tunashika laini tatu au nne. Zipange mezani kwa mpangilio usiobadilika, kila simu na kasha la rangi yake. Kosa la kushika simu siyo, ukafungua menyu, ukarudi nyuma, ndilo linalokuanzishia papara kabla hata mteja hajasema kitu.

Salamu ndiyo breki yako

Mteja mpya akifika dirishani, acha simu, inua uso, msalimie. Mtu mzima mwamkie. Hata kama wako kumi nyuma. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hujambo?" "Sijambo. Nikusaidie nini leo?"

Salamu hiyo haifiki nusu dakika, na inafanya mambo matatu ambayo hakuna kifaa kitakachokufanyia. Inakutoa kwenye muamala uliopita, ili namba ya yule wa mwanzo isikubakie kichwani. Inakupa nafasi ya kumtazama mteja: ametulia, ana wasiwasi, yuko kwenye simu na mtu anayempa maelekezo? Hilo la mwisho lishike, nitalirudia. Na inamwambia mteja kwamba zamu hii ni yake. Mtu akijua zamu ni yake hakukimbizi. Anayegonga kioo mara nyingi ni yule ambaye hajui kama umemwona. Kwa hiyo ukimaliza kumwamkia aliye mbele, tupa jicho nyuma useme, "Kaka nimekuona, wewe ni wa tatu." Utashangaa ufunguo unavyorudi mfukoni.

Kuweka pesa, hatua kwa hatua

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pokea pesa kwanza. Usianze kubonyeza namba huku mteja bado anatafuta noti kwenye mkoba, maana utakuwa umeshamaliza na yeye amepungukiwa elfu kumi. Zihesabu mbele yake, kwa mafungu ya noti kumi kumi, kila noti uielekeze upande mmoja. Noti ya elfu kumi ikikutia shaka, isimamishe kwenye mwanga na ipapase. Usione haya, mteja mwema haudhiki.

Ukishahesabu, usitie droo. Ziache mezani upande wako wa kioo, mahali nyote wawili mnaziona, mpaka meseji ya muamala iingie. Mteja akisema "nilikupa laki nne", pesa aliyokupa iko pale pale, haijachanganyika na ya mtu mwingine. Tabia hii peke yake imeniondolea ugomvi mwingi kuliko nyingine zote.

Kiasi usikitegemee kwa kusikia. Barabara ya Kilwa ikichangamka, sitini, sabini na tisini zinafanana kabisa kupitia tundu la kioo. Andika tarakimu kwenye karatasi, mwonyeshe. Wengi wanasahihisha hapo hapo.

Namba ya simu nayo aiandike mwenyewe au aionyeshe kwenye simu yake. Ukishaibonyeza, isome kutoka kwenye skrini yako, si kutoka kwenye karatasi. Ukisoma karatasi unathibitisha alichoandika yeye. Ukisoma skrini unathibitisha ulichobonyeza wewe. Isome kwa vipande, tarakimu nne, tatu, tatu, na umwache afuate kwa kidole.

Sasa jina limetokea. Simamisha mikono. Wengi wetu huuliza, "Ni Asha Juma?" na mteja mwenye haraka anaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa jina lolote utakalotaja. Geuza swali: "Unamwekea nani?" Ataje yeye, wewe ulinganishe.

Mara nyingi majina hayatafanana, na hapo ndipo pa kuonyesha uungwana. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, kwa hiyo jina linalokuja ni la kwenye kitambulisho, na kitaani tunaitana Mama Zai na Baba Kelvin. Wengine wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka au binti. Usimkaripie mteja, wala usibonyeze kwa kukisia. Mwambie, "Jina limekuja la mwanaume, hebu mpigie umuulize laini imesajiliwa kwa jina la nani." Asubiri pembeni akipiga, wewe msikilize anayefuata. Akipata jibu anarudi mbele moja kwa moja, hapangi foleni upya. Watangazie wenzake utaratibu huo kwa sauti ili wasinung'unike.

Jina likikubali, ndipo weka namba ya siri. Meseji ikiingia mwonyeshe, kisha pesa iende droo.

Kutoa

Kutoa ni kwepesi zaidi kwa sababu anayebonyeza ni mteja. Kazi yako ni kungoja. Mteja akikwambia "imeshatoka, hii hapa meseji", angalia simu yako, si yake. Meseji iwe imetoka kwa mtandao wenyewe, na kama una shaka hata kidogo angalia salio la floti kama limepanda. Omba kitambulisho, andika daftari, aweke sahihi. Hesabu pesa mara mbili, ya pili kwa sauti, na mwombe ahesabu kabla hajaondoka dirishani. Kiasi kikiwa kikubwa usikitaje kwa sauti ya kusikika barabarani. Mwonyeshe tarakimu kwa karatasi. Kwenye foleni huwezi kujua nani anasikiliza.

Bibi anayekupa simu pamoja na namba ya siri

Kila wakala anamfahamu. Anafika, anapitisha simu dirishani, anakwambia, "Mwanangu nitolee elfu hamsini, namba yangu ya siri ni hii," na anaitaja mbele ya watu wote.

Najua kishawishi. Kumfanyia ni sekunde arobaini, kumfundisha ni dakika nne. Lakini siku pesa yake ikipotea kwa njia yoyote ile, hata akiibiwa na mjukuu, wa kwanza kutajwa ni wewe uliyeijua namba. Na yeye atabaki hawezi kutoa pesa popote pengine, wala kwa mtu mwingine.

Mimi hufanya hivi. Kwanza namnyamazisha kwa heshima: "Bibi, hiyo usimwambie mtu, hata mimi." Namkaribisha kwenye benchi. Namwambia aje saa nane mchana dirisha likiwa halina watu, kama haraka si kubwa. Wengi wanakubali, na wanapenda kupata mtu wa kukaa nao. Akija, simu inabaki mkononi mwake. Mimi nataja namba ya menyu, yeye anabonyeza. Tukifika namba ya siri nageuza uso kabisa, aone kwamba nimegeuka. Akikosea, tunaanza tena. Kwa wasiosoma vizuri nawachorea hatua kwenye kipande cha boksi: namba za kubonyeza kwa mpangilio, kubwa, kwa kalamu nzito, na namba yangu ya uwakala chini. Hakikisha hicho kipande hakina namba ya siri.

Bibi mmoja wa Kizuiani ilimchukua safari tano. Sasa anabonyeza mwenyewe, na amewaleta jirani zake wawili.

Makato nayo yanataka uvumilivu wa namna hiyo. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, watu walikuja dirishani na hasira kana kwamba sisi ndio tuliozipanga. Nilijibizana na watu wiki nzima, nikachoka. Kilichosaidia ni kubandika karatasi ya makato mahali panaposomeka, na kumwambia mteja kabla hajabonyeza: "Ukitoa kiasi hiki utakatwa hiki, utabaki na hiki." Mtu akijua mapema, akakubali au akaghairi, hana cha kukulaumu. Endelea kufanya hivyo hadi leo, na karatasi ibadilishwe kila viwango vinapobadilika.

Unapokuwa huna

Floti ikiisha, neno baya kuliko yote ni "subiri kidogo". Mteja hajui kidogo ni dakika tano au saa nzima. Sema ukweli wenye saa: "Floti ya laini hii imeisha, naongeza saa tisa na nusu. Ukiwa na haraka, nenda kwa dada mwenye mwavuli wa kijani pale kituoni." Ndiyo, mpeleke kwa mwenzako. Elewana na mawakala wawili wa karibu, mkitumiana wateja kila mmoja anapokwama, na mtasaidiana pia kubadilishana keshi na floti bila kusafiri. Kamisheni ya muamala mmoja ni ndogo. Mteja uliyemwelekeza vizuri atarudi.

Anayeomba umwekee sasa alete pesa jioni mjibu kwa upole, bila hadithi ndefu: "Kaka, mtaji huu una mwenyewe, siwezi." Hata kama mwenyewe ni wewe, mtaji una kodi ya fremu na ada za watoto. Ukianza kukopesha, jioni utakuwa unafuatilia madeni kwa simu huku unabonyeza miamala ya watu wengine, na hakuna utulivu utakaoupata hapo.

Haraka inayoletwa na tapeli

Chunguza kila utapeli wa dirishani, utaona wote unaishi kwa haraka yako. Mteja anakupa laki tano, anabadili kuwa laki tatu, anaomba arudishiwe, anataka umpe noti ndogo, mwenzake anakuuliza bei ya vocha, na mwishowe umetoa zaidi ya ulichopokea. Mtu anapiga simu akijiita afisa wa mtandao, laini yako "inafungwa sasa hivi" usipobonyeza namba anazokutajia. Meseji inaingia kutoka namba ya kawaida kabisa, imeandikwa kama ya muamala, na dakika hiyo hiyo mtu analia kwamba pesa imekuja kwako kimakosa.

Dawa ya wa kwanza: mteja akibadili kiasi katikati, mrudishie pesa yake yote, anza upya kabisa tangu kuhesabu. Wa pili: kata simu, kisha wewe mwenyewe upige huduma kwa wateja, namba 100. Wa tatu: angalia salio, si meseji.

Sasa lile nililosema nitalirudia. Mteja akifika huku yupo kwenye simu, anaelekezwa na mtu atume wapi na kiasi gani, amekunja uso na hataki maswali, usimhudumie mpaka akate ile simu. Mwambie, "Mama, sitaki upotee. Huyo unayemtumia unamfahamu kwa sura?" Inawezekana ni mwanawe kweli, na utakuwa umepoteza dakika. Lakini nimeshaona mama anakaa chini palepale, anahema, anagundua kwamba aliyesema mwanawe amepata ajali hata jina la mtoto hakuwahi kulitaja. Baada ya hapo msaidie kuripoti ile namba kwa 15040, na muonyeshe *106# ili aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake.

Kosa likitokea

Litatokea. Siku hiyo mambo manne, kwa mpangilio huu. Funga dirisha, waombe radhi walio nyuma. Nakili namba ya muamala, saa, kiasi na namba iliyopokea. Piga 100 mara moja, ueleze kwa ufupi, uombe muamala uzuiwe. Usimpigie aliyepokea kwanza. Wapo waaminifu wengi, ila ukimpata asiye mwaminifu umemwambia akimbie kutoa. Kisha kaa na mteja wako, umwambie kosa ni lako na nini kinafuata.

Kama aliyekosea ni mteja, kwa simu yake, apige yeye kwa kuwa laini ni yake. Wewe msaidie kuitafuta meseji na kumtuliza. Wenzetu Kenya wanaotumia M-Pesa huisambaza meseji ya muamala kwenda 456. Anayetumiwa pesa na ndugu wa Nairobi ni vizuri alijue hilo.

Kula, kuswali, kufunga dirisha

Makosa yangu mengi, nilipoyahesabu, yalitokea kati ya saa saba na saa tisa, siku nilizoshinda na chai tu. Sasa nafunga kwa adhuhuri, naswali, nakula. Kibao kinasema: "Nimekwenda kuswali na kula, narudi saa saba kamili." Saa iandikwe, na urudi kweli saa hiyo, kwani ukichelewa mara tatu watu wataacha kukiamini kibao. Asiyeswali naye afunge. Kufunga dirisha dakika thelathini hakujawahi kunipunguzia wateja.

Jioni pokea wa mwisho kabla giza halijashika. Usihesabu mtaji mlango ukiwa wazi. Funga, kaa, kisha jumlisha keshi na floti ya kila laini. Mfano mtaji ni 3,000,000: keshi 1,150,000, laini ya kwanza 900,000, ya pili 640,000, ya tatu 310,000. Jumla imekubali. Kamisheni ihesabiwe pembeni, usiichanganye, maana itaficha upungufu. Pakipungua 10,000, fuata daftari kuanzia muamala wa mwisho kurudi nyuma. Mara nyingi utakuta ni saa ile watu walipokuwa wengi, na utajua kesho saa hiyo uite msaidizi.

Ukishamaliza, zima simu za uwakala kabisa, usizibebe zikiwa hewani. Atakayekupigia saa tatu usiku kuuliza floti atakukuta asubuhi, na namba ya kupiga wakati wa dharura ya muamala ni ile 100, inayopokelewa na walio zamu.